Mama Tumweke Wapi?

Ukifika Dar es Salaam ukapita njia panda ya Samora na Azikiwe, utamkuta bwana mmoja wa shaba, bunduki mkononi, singe imeelekea bandarini. Yupo pale tangu 1927. Magari yanamzunguka, wapiga picha wanamzunguka, na wengi wanaomzunguka hawajawahi kusoma kilichoandikwa chini ya miguu yake. Mimi nilisimama nikasoma. Nilisoma kama tulivyofundishwa kusoma shairi sekondari: nani anasema, anamwambia nani, na nani kaachwa nje.

Maneno yale aliyatunga Mwingereza Rudyard Kipling. Yanawataja askari Waafrika waliopigana Vita Kuu ya 1914 mpaka 1918. Yanawataja na wapagazi, kwamba jeshi lilitembea kwa miguu yao na kushika kwa mikono yao. Halafu yanawazoa waliobaki wote kwa neno la Kiingereza ambalo maana yake ni wanaume wengine. Mwishoni yanamwahidi aliyepigania nchi yake kwamba hata akifa, wanawe wa kiume watalikumbuka jina lake. Haya, tazama mwenyewe. Wanaume wamekufa, wanaume watakumbuka. Baina ya baba na mtoto wa kiume hapana aliyebeba mimba. Nazungumzia Kiingereza chake, maana ndimo maneno yalimozaliwa. Kiswahili hakina shida hiyo: mtu ni mtu na mwana ni mwana, mpaka uongeze neno ndipo ujulikane unamsema nani. Kumwacha mwanamke nje kwa Kiswahili inabidi ukusudie.

Sikuandika ili nimgombeze Kipling, amekufa tangu 1936. Naandika kwa sababu sisi vijana tunaojifunza kuandika hapa Tanga tumekuwa tukibishana jambo moja: kama mji huu ungejenga ukumbusho wa kazi walizofanya wanawake nyuma ya vita, ujengwe wapi? Hapana aliyetutuma. Lakini swali si la kipuuzi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikakiri kwamba waliokufa wasiopungua 116,000 katika Vita ya Kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na huenda wakafika 350,000. Tangu hapo mazungumzo ya kuwapatia wapagazi kumbukumbu zao yameanza. Wapagazi wamengoja zaidi ya miaka 100. Nikajiuliza, kama mpagazi aliyekufa na mzigo kichwani kangoja karne nzima, aliyemsagia mpagazi huyo unga atangoja ngapi?

Wengi wetu tukijibu tunakimbilia sura ya sanamu. Awe amebeba mtoto? Awe ameshika jembe? Awe na mtungi? Mimi naona hapo tunaanzia mwisho. Kwenye uhakiki tuliambiwa tuangalie fani na maudhui, na ndani ya fani kuna kitu tunachokipita haraka ili tuwahi wahusika, nacho ni mandhari. Mandhari si pambo. Mhusika yule yule ukimweka sokoni ni mwingine, ukimweka mahakamani ni mwingine. Mahali ndiyo sentensi ya kwanza ya ukumbusho, na msomaji anaisoma kabla hajafika kwenye maandishi.

Chukua mfano wa London. Pale Whitehall, mwaka 2005, Waingereza walizindua ukumbusho wa wanawake wa Vita Kuu ya Pili, kazi ya mchongaji John W. Mills. Ni jiwe refu la shaba, na pande zote zimetundikwa nguo: makoti, sare, kofia, mavazi ya kazi 17. Hakuna sura ya mtu hata mmoja, ni nguo tu kwenye vigingi. Nimeitazama picha yake mara nyingi. Ni kazi ya akili, sikatai. Inasema wanawake waliingia viwandani, mashambani na kwenye magari ya wagonjwa, na vita vilipokwisha wakavua, wakatundika, wakarudi nyumbani. Na umewekwa katikati ya barabara, hatua chache kutoka mnara wa kuwakumbuka wanajeshi wao waliokufa, karibu na wizara. Kwa nchi yao inaingia akilini. Kule mwanamke aliitwa na serikali, akapewa sare, akawekwa kwenye daftari. Aliingia kwenye vita kwa mlango, akatoka kwa mlango.

Kwetu mlango uko wapi?

Hebu tuvitaje vita vyetu. Novemba 1914 majeshi ya Waingereza kutoka India yaliteremka hapa Ras Kazone, jemadari wao Aitken, yakapigwa na jeshi la Wajerumani la Lettow-Vorbeck, ambalo sehemu yake kubwa ilishushwa kwa treni kutoka Moshi. Siku chache tu wakarudi melini. Hadithi ya nyuki waliowauma askari vichakani tumeisikia wote. Nyuki wana nafasi katika historia ya Tanga kuliko bibi zetu. Mwaka 1916 Waingereza wakarudi wakauchukua mji. Kisha ikaja kazi ya kubeba. Karibu watu milioni moja waliingizwa kwenye upagazi upande wa Waingereza peke yao, na waliokufa wanakadiriwa kama laki moja. Kariakoo ya Dar es Salaam imebaki na jina lao. Wanaume wameondoka, nafaka inachukuliwa na majeshi yote mawili, nani analima? Kule Ugogo njaa iliyofuata ikapewa jina kabisa, Mtunya. Na nyuma ya safu za Lettow-Vorbeck walitembea wanawake, wake wa askari, wakipika na kubeba na kuzaa njiani, safari ya miaka. Hao hata nyuma ya vita hawakuwa, walikuwa ndani yake.

Vita ya Pili, Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000, wengine wakafika Burma. Lakini Tanga ilipigana kwa mkonge. Wajapani walipoichukua Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, kamba za meli za washirika zikawa zinategemea mashamba ya huku. Vibarua wakachukuliwa kwa nguvu kupelekwa mashambani. Mkonge ule ule alioleta Hindorf mwaka 1893, miche 62 iliyosalimika kati ya 1,000, ukapandwa Kikogwe karibu na Pangani. Mwanamume akichukuliwa kwenda kukata mkonge au kwenda Burma, nyumbani kwake jembe halikulala.

Ndipo nasema ukumbusho wa nguo zilizotundikwa ukiuleta Tanga utakuwa uongo. Mwanamke wa hapa hakuvaa sare ya vita wala hakuivua. Jembe alilolima nalo 1913 ndilo alilolima nalo 1917, ndilo alilolima nalo 1943, isipokuwa wakati wa vita alilima sehemu ya mume pia, na mavuno yakaondoka na mtu mwingine. Kazi yake haikuanza siku vita vilipotangazwa, kwa hiyo hata ukitafuta tarehe ya kuandika kwenye jiwe huipati. Mtu asiye na tarehe ya kuanza wala ya kumaliza utamwekea ukumbusho mahali gani?

Wenzangu walitoa majibu yao, nami nayahakiki kama wao wanavyohakiki hadithi zangu, bila kuoneana haya.

Mmoja alisema Ras Kazone. Ndipo adui aliposhukia, bahari ipo, upepo upo, wageni wanafika pale Mkonge Hoteli watapiga picha. Sawa, lakini hiyo ni mandhari ya meli na majemadari. Mwanamke ukimweka pale atakuwa anaangalia bahari kama mtu anayengoja jahazi. Tutakuwa tumemchonga mke wa mtu, si mfanyakazi.

Wa pili alisema kwenye makaburi ya vita. Yapo hapa mjini, na askari wa India waliokufa Novemba 1914 wamekumbukwa humo. Mahali pale pana heshima na pametunzwa kuliko makaburi yetu mengi. Lakini kaburi ni la aliyekufa, na wengi wa wanawake tunaowasema kosa lao ni kwamba hawakufa. Waliishi, wakazeeka, wakatulea. Ukiwapeleka makaburini umekubali ile sheria ya Kipling kwamba anayestahili jiwe ni maiti.

Wa tatu alitaka bustani ya katikati ya mji, mbele ya ofisi, ili Siku ya Mashujaa, Julai 25, viongozi waweke shada. Huyu nilimwelewa zaidi. Anataka serikali ikiri. Hilo ni dai la haki. Ila hebu fikiria, siku 364 zilizobaki nani anapita pale akiwa na ndoo kichwani? Ukumbusho utakuwa na mgeni rasmi lakini hautakuwa na mwenyeji.

Sasa niseme la waandishi, maana ndiko ninakotaka kufika tangu mwanzo. Miswada ya vita tunayopeana kusoma, yangu na ya wenzangu, ina tabia moja. Ukurasa wa tatu kijana anaaga. Mama au mchumba analia kwenye stesheni. Halafu huyo mwanamke anapotea. Ukurasa wa 90 kijana anarudi na mguu mmoja, na mwanamke yupo pale pale mlangoni, na khanga ile ile. Jamani! Miaka mitatu kapita anakula nini? Nani kaezeka ile nyumba ambayo kijana anairudia? Walimu wangemwita mhusika bapa, mimi namwita kizingiti, watu wanamvuka wakitoka na kuingia. Huyo ndiye mwanamke wa Ras Kazone anayeangalia bahari, tofauti ni kwamba mmoja ni wa shaba na mwingine ni wa karatasi. Kosa la mchongaji na la mwandishi ni moja: wamemweka mahali ambapo vita vinapita, hawakumweka mahali anapofanyia kazi.

Na sisi watu wa Tanga hatuna udhuru. Pwani hii imeandika vita kabla ya wengi. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alitunga utenzi wa vita vya Wadachi kuitamalaki Mrima, vita vya Abushiri, yeye akiwa mtu wa zama zile zile. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani hapa hapa, aliandika Utenzi wa Vita vya Uhuru juu ya vita ya 1939 hadi 1945, ukachapishwa 1967 yeye akiwa amekwisha kufa. Kwa hiyo ukumbusho mkubwa wa vita uliotoka Tanga si wa jiwe, ni wa beti. Umewekwa wapi? Umewekwa katikati ya dunia, kwenye habari za mataifa na wakubwa wake. Simlaumu, alijifungia kazi kubwa ya kuieleza dunia nzima kwa Kiswahili, na aliyemzidi bado hajazaliwa. Lakini nafasi ya jikoni ameiacha wazi, nasi tumeikalia kimya.

Kuhusu Vita vya Kagera tuna vitabu pia. Baldwin Mzirai alituandikia Kuzama kwa Idi Amin, na wapo waliotunga tenzi. Waliokufa wana makaburi yao Kaboya, Muleba, na ni haki yao. Ila nilipoanza kuwauliza mama zetu hapa Nguvumali habari za vita hivyo, nilidhani wataniambia juu ya redio na nyimbo. Mama mmoja jirani, mumewe alikuwa dereva wa lori. Mwaka 1978 lori likatwaliwa kwenda vitani, dereva ndani yake.

“Shikamoo mama. Nimekuja kuuliza habari za vita vya Amin.”

“Marahaba mwanangu. Vita gani, vya kule au vya hapa?”

Nikamwambia sijui kama hapa palikuwa na vita. Akacheka. Akanieleza foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, unga foleni, khanga zenyewe foleni. Mwalimu alisema tufunge mikanda miezi 18, miezi 18 ikapita na mikanda ikabaki imefungwa. Alikuwa anaamka alfajiri anakwenda duka la ushirika, anaweka jiwe lake kwenye mstari, anarudi nyumbani kuwatayarisha watoto. Kila mtu na jiwe lake, wengine tofali, wengine kopo. Jiwe lako ndilo wewe. Ukirudi ukakuta mtu kalisogeza ni ugomvi wa kuvuliwana khanga. Mchana anakaanga mihogo anauza, maana mshahara wa mume ulikuwa haufiki kwa wakati. Jioni kuna michango ya vita inapitishwa mtaani na yeye anatoa.

Mwenzangu mmoja alipoisoma habari hii alisema, “Hiyo ni hali ngumu ya maisha, sio vita.” Nilimjibu hivi: lori lilikwenda wapi? Mafuta yalikwenda wapi? Fedha za kigeni ziliishia kwenye nini? Wenye elimu ya uchumi watasema bei ya mafuta ilipanda duniani, ukame ulikuwepo, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, na mipango yetu wenyewe ilikuwa na kasoro. Yote kweli. Lakini vita vilikuwa na bei, na bei ile haikulipwa Kampala Aprili 1979 ikaisha. Iliendelea kulipwa dukani, na aliyesimama dukani tunamjua.

Kwa hiyo mahali ninapopachagua mimi ni sokoni. Nasema soko la Mgandini, kule Ngamiani. Mjini kuna masoko mengine, lakini Ngamiani ndiko Mwafrika wa Tanga alikopangiwa mitaa yake kwa namba, barabara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ndiko mhogo wa shamba ulikogeuka kuwa ada ya shule. Pale mama anauza nazi, anauza machungwa ya Muheza, anauza dagaa. Kazi inayokumbukwa na kazi inayoendelea zitakuwa mahali pamoja. Msomaji wa ukumbusho ule hatahitaji kuelezwa maana yake, atakuwa ameuegemea.

Naijua hatari yake, tena ni kubwa kuliko zile za wenzangu. Jiwe sokoni litatundikwa mifuko, litamwagiwa maji ya samaki. Hilo halinisumbui. Linalonisumbua ni jiwe likishapendeza. Siku litakapozinduliwa mtu wa ofisi atasema hapa sasa ni mahali pa heshima, wenye meza waondoke mita kadhaa. Tuliona mwaka 2021 wamachinga na mama ntilie nchi nzima walivyoondolewa barabarani kwa jina la usafi na mpangilio. Ukumbusho wa wanawake waliofanya kazi ukawafukuza wanawake wanaofanya kazi! Hiyo ingekuwa tanzia, na mtunzi wake ingekuwa sisi tuliochagua mahali.

Ndiyo maana nasema ukishachagua soko, umeshachagua na fani. Hapawezi kuwa na sanamu juu ya kiti, mwanamke mmoja mzuri asiyefanana na yeyote, na minyororo kumzunguka. Mahali penyewe panakataa. Panataka kitu kinachokaliwa: baraza ndefu ya jiwe, chini ya paa, na bomba la maji mwisho wake. Baraza haiwezi kufukuza mtu kwa sababu imejengwa ili akae. Huwezi kumwambia mama ntilie asikae kwenye baraza aliyojengewa mama ntilie, utachekesha soko zima.

Kuna aliyesema baraza si sanaa. Ebo! Nyumba zetu za pwani zote zina baraza, na hadithi zote nilizosikia utotoni nilizisikia nimekaa juu ya moja. Askari wa Dar ametazamwa karibu miaka mia na hajamsikiliza mtu.

Na maandishi? Hapa ndipo panapouma. Askari ana namba na kikosi. Mpagazi, pamoja na dhuluma yote aliyofanyiwa, mara nyingine alikuwa na kipande. Aliyelima shamba la mume hakuandikwa na mtu. Wa 1914 wamekwisha. Wa 1942, aliyekuwa na miaka 15 wakati ule sasa anakaribia mia, kama yupo. Lakini aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1978 amevuka 65 tu, yupo Nguvumali, yupo Makorora, yupo Msambweni, anauza maandazi, na kumbukumbu yake ni kali kuliko yangu. Majina hayo yanapatikana. Yanataka daftari na miguu, na mtu asiyechoka kusubiri mama amalize kufua ndipo azungumze. Nimekwisha kupata 31. Nimeandika jina la kila mmoja, mtaa alioishi, duka alilopanga foleni, na alichokuwa anauza. Safu ya mwisho niliiongeza baada ya yule jirani yangu: nilimwuliza jiwe lake lilikuwa la namna gani. Akafikiri kidogo akasema lilikuwa nusu tofali, na pembeni alilipaka chokaa ili lisichanganywe na la mtu.

Sasa kila ninayemwendea namwuliza hilo kwanza, na hajatokea hata mmoja aliyesahau.